Homa Ikikataa Kuitwa Malaria

Katika ukanda wa machimbo, kuanzia Mwadui hadi Geita, ugonjwa hupewa jina kabla ya kupimwa. Homa ni malaria. Mkojo ukisumbua ni U.T.I. Kikohozi ni vumbi la mgodini au kifua kikuu. Viungo vikiuma ni kazi, maana mtu amepalilia pamba au ameponda mawe tangu alfajiri. Mara nyingi jina hilo huwa sahihi, na hapo ndipo lupasi inapojificha: huja kwa majina hayo yote kwa zamu, kwa mwanamke yuleyule, mwaka hadi mwaka.

Lupasi ni ugonjwa wa kinga. Kinga iliyopaswa kupigana na vijidudu hutengeneza kingamwili zinazoshambulia mwili wenyewe: ngozi, viungo, damu, mapafu, moyo, figo, hata ubongo. Haiambukizwi kwa chakula, kwa kunyonyesha wala kwa tendo la ndoa. Wagonjwa tisa kati ya kumi ni wanawake, na wengi huanza kuugua wakiwa na umri wa miaka 15 hadi 44. Mama anayerudi zahanati kila mara na homa, na kipimo cha malaria kikisema hana vimelea, asiongezewe dozi nyingine. Aulizwe upya, tangu kichwani hadi miguuni.

Je, vidole hukakamaa asubuhi hata kushika mwiko ni shida? Nywele zinakatika? Kuna vidonda kwenye kaakaa ambavyo haviumi? Jua linamwamshia upele au uchovu mkubwa? Kifua kinachoma akivuta pumzi ndefu? Mimba zimeharibika? Aliwahi kupata kifafa au kuchanganyikiwa ghafla, na ndugu wakaamini amerogwa? Dalili moja haitoshi. Zikikusanyika kwa mtu mmoja, hata kama zilikuja kwa miaka tofauti, lupasi lazima ifikiriwe.

Vitabu vingi huonyesha upele mwekundu wenye umbo la kipepeo. Picha hizo ni za ngozi nyeupe, na zimetupotosha sana. Kwetu upele huo huwa wa kahawia iliyokolea, wa zambarau, au mweusi kuliko ngozi inayouzunguka. Hukaa mashavuni na juu ya pua, ukiruka mikunjo inayoshuka kutoka puani hadi pembe za mdomo. Aina nyingine huleta mabaka ya mviringo yenye magamba, masikioni na kichwani, yakipona huacha kovu na nywele hazioti tena. Watu hudhani ni fangasi. Wengine hupaka mkorogo au krimu yenye steroidi, upele ukafifia, na ugonjwa ukaendelea ndani.

Liko jambo linalowahusu watu wa migodini moja kwa moja. Vumbi la silika, linalojulikana kwa kuharibu mapafu, huongeza pia uwezekano wa kupata lupasi. Miaka ya 1990 watafiti waliliona hilo kwa wachimbaji wa urani wa Ujerumani Mashariki, ambao walikuwa wanaume. Kimbaliti, mwamba wa almasi wa Mwadui, kwa asili una silika kidogo. Lakini dhahabu ya wachimbaji wadogo wa Geita mara nyingi hukaa katika kwatzi, lile jiwe jeupe gumu, ambalo ni silika tupu, na mawe ya matale yaliyotapakaa Shinyanga na Mwanza, yanayopondwa kuwa kokoto, yanayo kwatzi pia. Wengi wanaovuta vumbi hilo hawatapata lupasi. Hata hivyo, kumwagia mawe maji kabla ya kuyaponda hupunguza vumbi, na mganga anapaswa kumuuliza mgonjwa kazi yake.

Ninachokiogopa zaidi ni figo. Haziumi zinapoharibika. Mkojo hutoa povu, kope huvimba asubuhi, miguu jioni, na shinikizo la damu hupanda. Katika ukanda huu mkojo wenye damu unaweza kuwa kichocho, na wenye povu unaweza kutokana na zebaki inayochomwa kupata dhahabu, kwa hiyo lupasi husahaulika. Kijiti cha kupimia mkojo ni cha bei nafuu na huonyesha protini na damu kwa dakika chache. Mwanamke mwenye dalili nilizotaja asiondoke kituoni bila kupimwa nacho. Protini ikionekana na isitoweke, apewe rufaa kwenda hospitali kubwa, kama Bugando ya Mwanza. Huko, kipimo cha kingamwili za nyuklia kikiwa chanya peke yake hakithibitishi lupasi. Daktari hukisoma pamoja na dalili.

Dawa ya msingi ni hidroksiklorokwini, ndugu wa ile klorokwini iliyoacha kuwa dawa ya kwanza ya malaria nchini mwaka 2001. Macho hupimwa mara kwa mara kwa anayeitumia. Prednisoloni hutuliza haraka, lakini huweza kuamsha kifua kikuu kilicholala, na kuikata ghafla ni hatari. Kujikinga na jua kwa kanga na kofia pana shambani nako ni sehemu ya tiba.

Wanawake wengi wenye lupasi huzaa salama, hasa ugonjwa ukiwa umetulia kwa miezi sita kabla ya mimba. Hidroksiklorokwini haiachwi ujauzitoni, ila dawa nyingine zinazotibu figo huweza kumdhuru mtoto, hivyo daktari aambiwe mapema, kabla ya kushika mimba.