Syokimau: Mahali reli mbili hukutana bila kuungana

ABIRIA anayewasili kutoka Mombasa kwa treni ya Madaraka Express hushukia katika jengo kubwa la kupendeza, lakini huwa bado hajafika mjini. Katikati ya Nairobi ni takriban kilomita 16 mbele, na reli iliyomleta haielekei huko.

Akitaka kuendelea kwa reli hadi Kituo Kikuu, karibu na barabara ya Haile Selassie, hana budi kubeba mizigo yake na kupanda treni nyingine, ndogo zaidi, inayopita juu ya reli ya zamani. Hiyo ndiyo kazi kubwa ya Syokimau hivi sasa: kuwahamisha watu kutoka reli moja hadi nyingine.

Sababu yake ni ya vipimo. Reli ya zamani, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901, ina upana wa milimita 1,000 kati ya chuma na chuma. Reli ya kisasa ya SGR ina milimita 1,435. Magurudumu ya treni ya moja hayawezi kukaa juu ya nyingine, hivyo hata zikilazwa sambamba, kinachoweza kuvuka ni abiria na mzigo wake tu.

Jina la mahali hapa lina historia inayotangulia reli zote mbili. Katika masimulizi ya Wakamba, Syokimau alikuwa nabii wa kike aliyetabiri ujio wa nyoka mrefu ambaye angetambaa kutoka maji ya upande mmoja hadi maji ya upande wa pili, na wageni waliobeba moto mifukoni. Wengi walikuja kumtambua nyoka huyo kuwa ni garimoshi, na moto ule kuwa ni viberiti.

Hata hivyo, kituo chenyewe ni cha juzi. Kilifunguliwa na Rais Mwai Kibaki Novemba 2012, na kikatajwa kuwa kituo kipya cha kwanza kujengwa nchini tangu uhuru. Wakati huo hapakuwa na SGR. Lengo lilikuwa kupunguza msongamano katika barabara ya Mombasa, ambako wakazi wa mitaa inayochipuka ya Syokimau na Mlolongo walipoteza saa nyingi garini kila asubuhi. Ndiyo maana kilijengewa uwanja mpana wa kuegesha magari: mkazi aliache gari lake hapo, apande treni hadi mjini, alichukue jioni.

Mambo yalibadilika Mei 31, 2017, Rais Uhuru Kenyatta alipozindua safari za abiria za SGR. Wiki chache kabla ya hapo, treni ya zamani ya usiku kati ya Nairobi na Mombasa ilikuwa imesitishwa. Ile ilianzia katikati ya jiji. Hii mpya huanzia pembezoni. Safari iliyokuwa ikichukua usiku mzima, na mara nyingine hata zaidi, ilishuka hadi takriban saa tano, ila dakika za kufika stesheni zikaongezeka kwa kila abiria.

Wala upanuzi wa mwaka 2019 haukuisogeza SGR katikati ya mji. Kutoka Syokimau inapita kusini, juu ya daraja la takriban kilomita sita ndani ya Mbuga ya Wanyama ya Nairobi, kisha inaelekea Ngong, Mai Mahiu na Suswa.

Kiungo kilichobaki ni treni ya mjini, inayopita Imara Daima na Makadara. Mwaka 2020 huduma hiyo iliongezewa treni zilizowahi kutumika katika kisiwa cha Mallorca, Uhispania. Ziliweza kununuliwa zikiwa zimeshatumika kwa sababu reli ya kisiwa hicho nayo ni ya milimita 1,000. Kwa mara moja, upana wa kizamani ulikuwa na faida.

Kwa msafiri wa Mombasa, kukosea muda ni ghali. Mizigo hupangwa chini ili mbwa wa polisi waikague, kisha hupitishwa kwenye mitambo, na kitambulisho au pasipoti hulinganishwa na tiketi. Foleni hiyo haimngojei aliyekwama barabarani. Kwa hiyo ratiba ya kuangalia si ya SGR pekee, bali pia ya treni itakayomfikisha huko.

Anayeikosa hubaki na matatu, teksi, au barabara ya kulipia ya Nairobi Expressway, iliyofunguliwa mwaka 2022 na yenye njia ya kutokea karibu na stesheni. Ni ya haraka, lakini kwa familia yenye mabegi matatu gharama yake huhesabika.

Kwa upande wa wanaorejea, tatizo ni giza. Treni za mjini zimepangwa zaidi kwa ajili ya wanaoingia kazini asubuhi na kutoka jioni, ilhali treni inayoondoka Mombasa usiku huwasili Syokimau kabla ya kupambazuka. Mwenye tiketi ya treni hiyo afadhali aulize, kabla hajaondoka Mombasa, treni ya kwanza ya kwenda mjini inang'oa nanga saa ngapi.