Hadithi za Watoto Zastahili Kuchunguzwa

Wako miongoni mwetu wanaodhani kwamba hadithi za watoto ni porojo za kuwalaza tu, zisizostahili kushughulikiwa na watu wazima, sembuse wanazuoni. Sisi hatukubaliani na dhana hiyo.

Nani katika visiwa vyetu asiyeijua hadithi ya kima na papa? Kima alimtupia papa matunda ya mkuyu mpaka wakawa marafiki. Siku moja papa akamchukua mgongoni, na walipofika mbali baharini akamwambia kuwa sultani wao ni mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima akajibu kwamba moyo wake ameuacha mtini. Askofu Edward Steere aliikusanya hapa Unguja na kuichapisha London mwaka 1870.

Hadithi hiyo imo pia katika Panchatantra, kitabu cha kale cha Bara Hindi. Ila huko mwovu ni mamba, na mti ni mzambarau. Katika karne ya 8, Ibn al-Muqaffa alikifasiri kwa Kiarabu kutoka Kipahlavi, kikaitwa Kalila wa Dimna. Humo mwovu ni kasa. Hata kisa cha punda asiye na moyo wala masikio, ambacho kima humsimulia papa baada ya kuokoka, kimo kote huko.

Hivyo kila watu walimweka mnyama waliyemfahamu, lakini werevu wa mnyonge ukabaki vile vile. Huo ndio uchunguzi wa wanazuoni wa fasihi ya watoto, ambao tangu mwaka 1970 wana chama chao cha kimataifa. Kazi yao si kupima hadithi za taifa lipi ni bora, bali kuuliza kila taifa limependa kuwarithisha watoto wake nini.

Lakini hapana awezaye kulinganisha kisichoandikwa. Wasimulizi wetu wa Makunduchi, Tumbatu na Micheweni wanazeeka, na kila bibi anayefariki huondoka na hadithi ambazo huenda hakuna mwingine azijuaye.

Kwa hiyo twatoa rai kwa wakuu wa elimu na utamaduni: hadithi hizi zirekodiwe kwa lahaja zake, bila ya kusanifishwa, msimulizi na kijiji chake watajwe, nakala ziwekwe katika Nyaraka za Taifa, na nyingine zichapishwe kwa ajili ya skuli. Nanyi wazazi, msingoje serikali. Waiteni watoto jioni, muwaketishe mbele ya bibi zao.

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Hadithi zetu zimekwisha safiri hadi London. Sasa na zirejee kwa wenyewe.