Majahazi ya Mafuta Katika Damu: Kisa cha Kijiji cha Limone

Akina mama wengi wa mwambao siku hizi hurudi kutoka maabara na karatasi yenye tarakimu za mafuta ya damu. Ikifika nyumbani, karatasi hiyo husomwa kwa maneno mawili tu: mafuta mazuri na mafuta mabaya. Aliye na mazuri mengi hupongezwa na kuambiwa asihofu. Aliye nayo machache huingiwa na simanzi. Wiki hii tumeona ni vyema kuwasimulia wasomaji wetu kisa cha protini moja iliyomo katika damu ya binadamu. Kisa hicho chaonyesha kwamba jambo hili si jepesi kiasi hicho, na kwamba kuiamini tarakimu moja pekee kwaweza kumgharimu mtu uhai wake.

Damu, kwa sehemu kubwa, ni maji, na mafuta hayapatani na maji. Kila apikaye mchuzi ameyaona yakielea juu ya sufuria. Hata hivyo mwili hauwezi kuishi bila ya mafuta. Lehemu, ambayo wengi huiita kolestero, hujenga kuta za chembe za mwili, na ndiyo malighafi ya nyongo na ya homoni kadhaa. Basi mwili huyapakia mafuta katika vyombo vidogo mno, mfano wa majahazi, na ubavu wa kila jahazi hushikwa na protini ziitwazo apolipoprotini. Protini hizi zina upande unaokubaliana na mafuta na upande unaokubaliana na maji, na kwa sababu hiyo shehena husafiri salama.

Aina zake ni nyingi, lakini mbili ndizo zinazotajwa zaidi. Ya kwanza ni apolipoprotini B. Majahazi yake hutoka kwenye ini na kupeleka mafuta viungoni, na kila jahazi lina protini moja tu ya namna hii. Miongoni mwake ndimo ilimo LDL, ambayo huitwa mafuta mabaya. Yakizidi katika damu, baadhi hupenya ukuta wa mshipa, yakakwama humo na kuacha lehemu yake. Ukuta huo huvimba mwaka baada ya mwaka bila ya maumivu yoyote. Siku uvimbe unapopasuka, damu huganda juu yake, na sehemu ya moyo au ya ubongo hukosa damu. Ya pili ni apolipoprotini A-I, iliyo mhimili wa HDL, ndiyo mafuta mazuri. Hiyo huzoa lehemu iliyozidi viungoni na kuirudisha kwenye ini, nalo huitoa kwa njia ya nyongo.

Sasa tuelekee Italia. Katika miaka ya 1970, mfanyakazi mmoja wa reli alipimwa damu mjini Milano. HDL yake ilikuwa chini mno na mafuta yake mengine yalikuwa juu. Kwa elimu ya wakati ule, mtu huyo alitarajiwa awe na mishipa iliyoziba, lakini hakuonekana na dalili yoyote ya maradhi hayo. Profesa Cesare Sirtori na wenzake wa Chuo Kikuu cha Milano walilifuatilia jambo hilo, wakaona hali ile ile kwa wanawe wawili, na mwaka 1980 wakatangaza walichokigundua. Protini ya A-I ni mfano wa mkufu wenye shanga 243. Katika damu ya aila hiyo, ushanga wa 173 ulikuwa umebadilika: mahali pa arijinini palikuwa na sisteini. Wakaiita protini hiyo A-I Milano.

Asili ya mfanyakazi yule ilikuwa Limone sul Garda, kijiji kidogo kilichobanwa baina ya milima na Ziwa Garda. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1930 hakikuwa na barabara ya gari, na watu walifika huko kwa mashua au kwa njia za milimani. Kwa hiyo wenyeji walioana wao kwa wao kwa vizazi vingi. Wanakijiji walipopimwa damu, wapatao 40 walionekana kuwa na protini hiyo. Kumbukumbu za ndoa na uzazi zilipofuatwa, nasaba yao wote ilirudi kwa mume na mke mmoja wa karne ya 18.

Kisa hicho kiliamsha matumaini makubwa. Protini hiyo ilitengenezwa maabara, na mwaka 2003 madaktari wa Marekani wakiongozwa na Steven Nissen walitangaza kwamba wagonjwa waliotiliwa dawa hiyo mshipani mara moja kwa wiki, kwa wiki 5, walipungukiwa na uvimbe wa mishipa kwa takriban asilimia 4. Wagonjwa waliomaliza utafiti huo walikuwa 47 tu. Mwaka 2016 dawa ya namna hiyo ilijaribiwa tena, nayo haikuonyesha faida ya ziada kwa watu waliokuwa tayari wakitumia tembe za kawaida za kupunguza lehemu, ikaachwa. Kabla ya hapo, mwaka 2006, jaribio la dawa iitwayo torcetrapib lilikuwa limesimamishwa. Dawa hiyo ilipandisha HDL kwa kiasi kikubwa, lakini waliokufa miongoni mwa walioitumia walizidi waliokufa miongoni mwa wasioitumia.

Funzo hapa ni bayana. Watu wa Limone walikuwa na HDL kidogo na mishipa yao ikasalimika. Wagonjwa wa torcetrapib walipandishiwa HDL na haikuwafaa. HDL nyingi si hirizi. Mama mwenye mafuta mazuri mengi na LDL iliyo juu bado yumo hatarini, hata akiwa mwembamba. Tarakimu ya kuulizia kwanza ni ile ya majahazi ya B, yaani LDL, kwa kuwa dawa na chakula kinachoipunguza vimethibitika kupunguza maradhi ya moyo.

Limone yatufunza pia kuhusu nasaba. Kama jeni yenye heri ilivyorithiwa huko, ndivyo irithiwavyo na yenye madhara. Takriban mtu 1 katika kila watu 250 duniani huzaliwa na hitilafu inayolizuia ini kuiondoa LDL katika damu. Kila mtoto wa mtu huyo ana nusu ya uwezekano wa kuirithi. Baba na mama wakiwa nayo wote wawili, kila mtoto ana robo ya uwezekano wa kuipata pande zote mbili, na huyo aweza kupatwa na maradhi ya moyo angali mdogo. Dalili mojawapo ni vinundu vya rangi ya manjano viwikoni, magotini au nyuma ya visigino. Hatusemi haya kwa kuzikataza ndoa za binamu, ambazo ni desturi katika aila nyingi za kwetu. Tunasema ili wanaooana wa damu moja wapime mapema.

Basi waulizeni wazee: je, katika aila yetu kuna mwanamume aliyefariki kwa moyo kabla ya miaka 55, au mwanamke kabla ya 60? Ikiwa yupo, ndugu na watoto wapimwe. Akina mama wajue kwamba lehemu hupanda kwa kawaida wakati wa mimba, hivyo kipimo cha wakati huo chaweza kupotosha. Na kwamba LDL huongezeka baada ya hedhi kukatika. Atumiaye tembe za lehemu na akatarajia mimba amwone daktari mapema. Tena, mshtuko wa moyo kwa mwanamke waweza kuja kwa uchovu usio wa kawaida, kichefuchefu, kuishiwa pumzi, au maumivu ya taya na mgongo. Asiambiwe ni gesi tumboni akaachwa alale.

Jikoni nako pana kazi. Mbaazi zenyewe ni chakula chema. Kinachozielemea ni tui zito, na mahamri yaliyokunywa mafuta. Tui jepesi, samaki wa kuchoma au wa mchuzi mahali pa nyama ya mafuta, na samli iliyopunguzwa katika biriani, ni mambo yawezekanayo. Ramadhani sambusa na viazi karai visiwe futari ya kila siku.

Na karatasi ya maabara itakapofika nyumbani, isomwe yote, kisha iwekwe pamoja na vyeti vya aila ili watoto waikute.