Usisubiri Damu ya Kwanza

Mtoto wa Arash, kijiji cha wafugaji wa Kimasai nchini Tanzania, hufika miaka saba akiwa ameshaona fahali akipanda ng'ombe na ameshasimama karibu ndama akizaliwa. Uzazi si jambo geni kwake. Kinachokosekana ni mtu mzima wa kumweleza kuhusu mwili wake mwenyewe, na kumwambia kwamba kwa binadamu kuna umri, kuna ridhaa, na kuna heshima.

Swali ninaloulizwa sana na kina mama ni: nianze lini? Mapema kuliko unavyodhani. Msichana huanza kubalehe kati ya miaka 8 na 13, mvulana kati ya 9 na 14. Matiti huchomoza kama miaka miwili kabla ya hedhi. Tena yai hutoka wiki mbili hivi kabla ya damu, kwa hiyo msichana anaweza kushika mimba kabla hajaiona hedhi hata mara moja. Mzazi anayesubiri damu ndipo aongee, amechelewa.

Si lazima umwite mtoto umkalishe chini. Akiitwa hivyo huinama na kukaa kimya. Maneno hutoka vizuri mikono ikiwa na kazi. Jioni mnakamua, mtoto anazuia ndama, anakuuliza wewe mama yake, "Yeyo, mbona dada hakwenda shule leo?" Mjibu palepale: "Ameanza hedhi, mwanangu. Ni damu ya kila mwezi, si ugonjwa. Na wewe itakujia." Inatosha kwa siku hiyo. Kesho atauliza jingine, kwa sababu leo hakufokewa.

Wengi huogopa kwamba maneno haya yatamfungua mtoto macho. Mwongozo wa UNESCO wa mwaka 2018, uliopitia tafiti za nchi nyingi, haukuona kwamba elimu hii inawaharakisha vijana kuanza ngono. Ukimya ndio wenye gharama. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha kuwa wasichana 22 katika kila 100 wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshawahi kupata mimba. Ni kweli kwamba tangu Novemba 2021 msichana aliyejifungua anaruhusiwa kurudi shuleni, lakini arudi huku mtoto amemwachia nani?

Kwa Wamasai hatuwezi kuruka ukeketaji. Sheria ya mwaka 1998 inaukataza kwa kila aliye chini ya miaka 18, ila kinachoniuma zaidi ni yanayofuata: binti wa miaka kumi na miwili akishakeketwa huhesabiwa mwanamke, na posa huja. Nyonga yake haijakomaa, na kovu halitanuki kama ngozi nzima wakati wa kujifungua. Haya mama ayaseme, na koko, yaani bibi, pia, maana wasichana wengi hulala kwake na humsikiliza kuliko yeyote.

Baba naye ana neno ambalo akilisema yeye lina uzito. Mila inamkataza mwanamume kumsogelea binti wa mwanarika mwenzake. Kimila huyo ni binti yake pia. Mwambie binti yako hivyo waziwazi, ili ajue kwamba mzee anayemshika anavunja mwiko, na kosa si lake yeye. Kijana wa kiume mwambie kuhusu ndoto nyevu kabla hazijamtisha, na kwamba kwenye jando kila mmoja awe na wembe wake, kwani damu ya mwingine inaweza kubeba VVU.

Na siku mtoto akikuambia amefanyiwa jambo, mwamini kwanza. Usimwogeshe, usifue nguo zake. Mpeleke zahanati au Hospitali ya Wasso kabla saa 72 hazijapita. Dawa za kuzuia VVU hazisaidii baada ya hapo. Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto, na namba 116 ya kuwasaidia watoto hupigwa bila malipo.