Mtoto Anapokawia Kusema

Mwezi huu tuzungumze juu ya watoto wanaokawia kusema, na wale wanaosema lakini hatuwaelewi. Watu hawakosi jina la kuwapa. Bubu. Mjinga. "Ule hana akili, muache tu." Na jina likishashika, hata watoto wa nyumba ya pili wanalijua kabla hawajajua jina la kweli la mwenzao.

Karibu kila mwaka nampokea mmoja au wawili wa namna hiyo darasani. Mwaka jana alikuja kijana wa miaka sita. Anakaa nyuma, ukimwita hageuki, sabuni anaita "abuni", samaki anaita "amaki". Majirani walisema alirogwa njiani wakati familia inakimbia. Mama yake alikwisha kulipa mganga mara mbili, na tate yake alitaka wamkate kilimi. Lakini miye niliona jambo lingine: akikaa mbele na kunitazama mdomo, anajibu vizuri. Nikamuuliza mama kuhusu masikio. Akasema, "Sikio linatoka usaha tangu mdogo, mwalimu, lakini hiyo si kitu."

Kumbe ndiyo hiyo hiyo. Sikio likijaa maji au usaha kwa miezi mingi, mtoto anasikia kama mtu aliyezama ndani ya mto. Sauti nene za a, o, u zinampata. Zile nyembamba, kama s na f, zinampita. Basi anasema kile anachosikia. Huwezi kutamka herufi ambayo sikio halijakuletea.

Kituo cha afya kilimpa karatasi ya kwenda Bujumbura kwa daktari wa masikio, pua na koo, yule wanayemwita ORL. Ngozi ya ndani ya sikio ilikuwa imetoboka. Akasafishwa, akapewa dawa ya matone, mama akaambiwa maji yasiingie sikioni wakati wa kuoga. Mafuta, maziwa ya mama, unyoya wa kuku: hakuna kinachoingia humo isipokuwa dawa ya daktari. Usaha ulipokauka tukaanza kumfundisha maneno upya, kidogo kidogo. S bado inamsumbua. Lakini bubu si yeye.

Juu ya kilimi (wengine wanasema kimeo) niseme wazi, hata kama wazee watanikasirikia. Ile nyama ndogo ya kooni haimzuii mtoto kusema. Kuikata kwa wembe kunaleta damu nyingi, vidonda na hata pepopunda, na wako watoto waliokufa kwa hilo.

Jinsi ya kupima masikio nyumbani: simama nyuma ya mtoto akiwa anacheza, asikuone, usikanyage chini kwa nguvu, mwite kwa sauti ndogo. Rudia siku tofauti. Asipogeuka, nenda kituo cha afya. Waambie pia kama aliwahi kuugua homa ya uti wa mgongo au surua, au kama alipewa sindano nyingi akiwa mgonjwa sana, maana dawa kama kinini na jentamisini zinaweza kudhuru usikivu. Ndiyo maana chanjo ya surua ina faida hata kwa maneno ya mtoto.

Sasa, kukawia ni lini? Watoto hawafanani, lakini akifika mwaka mmoja awe anacheza na sauti, ba-ba-ba, da-da-da. Kwenye mwaka na nusu awe na maneno machache. Miaka miwili anaunga mawili: "mama kuja", "maji hapana". Miaka mitatu hata mgeni amwelewe kwa sehemu kubwa. Akisema "taka ugali" badala ya "nataka ugali", usihangaike. Mtafiti Kamil Ud Deen aliwasikiliza watoto wadogo wa Nairobi na kutoa kitabu mwaka 2005: wote wanaanza kwa kuangusha vipande vya mwanzo kama "ni" na "a", halafu vinarudi vyenyewe. Lakini mtoto aliyekuwa anasema akaacha, huyo asingojwe hata wiki. Inaweza kuwa ugonjwa, inaweza kuwa yale aliyoyaona vitani. Kumlazimisha au kumpiga kunamfunga zaidi.

Wazazi wengi wananiuliza kama lugha nyingi ndizo zinazomchanganya. Kifuliru au Kibembe nyumbani, Kiswahili njiani, Kirundi kwa majirani, Kifaransa shuleni! Hapana. Kichwa cha mtoto kina nafasi. Atachanganya maneno kwa muda, na hiyo si ugonjwa. Tazameni watoto wa Buyenzi wanavyoruka kutoka Kiswahili kwenda Kirundi bila kupumua. Mtoto wa Kirundi akisema "kurara" badala ya "kulala" ameleta tu lugha ya mama yake. Semeni naye lugha mnayoijua vizuri zaidi ninyi wenyewe.

Kigugumizi kinaanza mara nyingi kati ya miaka miwili na mitano, na wengi kinawatoka. Usimmalizie neno, usimwambie "sema haraka", usiruhusu ndugu zake wamwige. Wewe ndiye upunguze mwendo unapozungumza. Kikizidi mwaka, tafuta msaada. Mdomo wa sungura nao unashonwa hospitalini, na mapema ni afadhali.

Wataalamu wa matamshi, wanaoitwa ortofonisti kwa Kifaransa, ni wachache sana upande wetu. Lomé, Togo, walianza kuwafundisha mwaka 2003, na Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, mwaka 2008. Kwa hiyo kazi kubwa inabaki mikononi mwetu, na haidai pesa. Unapochambua sombe, taja: jani, kisu, sufuria, moto. Mtoto akisema "maji", mrudishie kwa kirefu: "Eh, unataka maji ya kunywa." Ukimuuliza kitu, hesabu moyoni mpaka tano kabla ya kumjibia, maana siye watu wazima hatuna subira hata kidogo. Mwimbie, mtegee vitendawili. Simu haimfundishi, kwa sababu simu haingoji jibu lake.

Na mtoto asiyesikia kabisa asiachwe bila lugha. Ishara za mikono ni lugha kamili. Bujumbura kuna shule ya viziwi ya Ephphatha, na kituo cha Akamuri kwa watoto wenye ulemavu wa akili. Kabla ya kufunga safari, pitieni kituo cha afya mchukue karatasi ya kutumwa, muombe na ruhusa ya kutoka kambini. Bebeni kitabu cha chanjo cha mtoto, na muandike maneno yote anayoyasema, hata yakiwa matatu. Daktari atayauliza. Asiyejua kuandika anikute darasani baada ya masomo, tutaandika pamoja.