Faili Lililojificha na Haki ya Mwenye Nyumba

Mwenye nyumba anayo haki ya kumjua kila alalaye nyumbani mwake. Tunalisema hili kwa sababu ya kisa kilichotokea Marekani mwaka 2005, ambacho kila mtumishi aliyekabidhiwa kompyuta ya umma yampasa akijue.

Mtaalamu Mark Russinovich alikuwa akikijaribu chombo chake cha kusakia programu zilizojificha, RootkitRevealer. Chombo hicho hulinganisha orodha ya mafaili ambayo mfumo wa Windows hukubali kuyaonyesha, na yale yaliyomo hasa katika diski. Hesabu hizo mbili hazikulingana. Ndani ya kompyuta yake mwenyewe mlikuwamo mafaili yasiyoonekana asilani, ambayo majina yao yalianza kwa alama $sys$. Akachukua nakala ya programu ya kawaida ya kuandikia, akaipa jina lenye mwanzo huo. Nayo papo hapo ikatoweka machoni.

Akazifuata nyayo. Katika mafaili yale alikuta jina la kampuni ya Uingereza, First 4 Internet, na alipouliza habari zake akaona kuwa inafanya kazi na Sony BMG ya kuzuia santuri zisinakiliwe. Hapo akaikumbuka sidii ya Van Zant aliyoinunua kwa fedha zake, ambayo haikuchezeka katika kompyuta ila kwa programu iliyokuja nayo. Alipoyafuta mafaili hayo, kompyuta haikukiona tena hata kisomeo chenyewe cha sidii!

Hatuna ugomvi na haki ya msanii. Wapiga taarabu wetu wanaujua vyema uchungu wa kunakiliwa. Lakini mkataba aliosomeshwa mnunuzi haukutaja kwamba programu itajificha, wala haukumwonyesha njia ya kuiondoa. Na maficho hayo hayakubaki ya mwenyewe: Novemba hiyo hiyo wahalifu walitoa programu zao za hujuma zilizojifunika kwa alama ile ile. Hata dawa iliyotolewa na kampuni, watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton waliona kuwa inaacha mlango wazi kwa kila mpitanjia.

Mkubwa mmoja wa kampuni alisema redioni kwamba watu wengi hawajui hata kitu hicho ni nini, basi kiwashughulishe nini. Maneno hayo yametuchukiza kuliko programu yenyewe. Ndiyo hoja ya yule aliyemtilisha mzee dole gumba katika hati asiyoweza kuisoma.

Kelele za wanunuzi zilizaa matunda. Mwezi huo huo kampuni ilizirudisha santuri za majina 52, na Januari 2007 ilikubaliana na tume ya biashara ya serikali ya Marekani kuwalipa walioharibiwa kompyuta zao hadi dola 150 kila mmoja.

Sasa twawauliza wakuu wa idara zetu: ni ofisi ngapi zenye daftari la programu zilizotiwa katika kila kompyuta, lenye jina la aliyeitia, siku aliyoitia, na aliyemruhusu? Daftari hilo halingoji bajeti ya mwakani.