Si kila samaki mdogo ni ndagala



Pale mwalo, Uvira, Fizi ao Kalemie, beseni moja ya samaki wadogo inaweza kuwa na aina tatu ao ine ndani. Sisi tunawaita wote ndagala. Lakini wengine ni watoto wa samaki wakubwa, wenye wangetuletea pesa mingi kama wangeachwa wakomae. Namna ya kuwatambua ni hii: angalia pezi la mgongoni.

– Ndagala na lumbu: pezi moja, fupi, laini, haina miiba. Mkia umegawanyika mara mbili, na ubavu unang’aa kama feza. Ndagala ni mwembamba, hapiti sana santimetre 10. Lumbu iko na mwili mpana kidogo, anaweza kufika 17.
– Mtoto wa sangala: mapezi mawili yanafuatana. Ya kwanza iko na miiba, inachoma kidole.
– Mtoto wa kuhe na ndugu zake: pezi moja ndefu, toka karibu na kichwa mpaka karibu na mkia, miiba iko mbele.

Kila mmoja ana kwake. Ndagala mkubwa anaishi mbali, katikati ya ziwa, na usiku anapanda juu. Ndiyo maana tunamvua na taa. Lumbu anapenda karibu na inchi kavu, zaidi watoto wake, kwenye mchanga. Watoto wa sangala wanajificha ndani ya majani ya maji. Kuhe anataga chini, karibu na pwani, na baba na mama wanalinda watoto pamoja.

Basi, wavu wa kukokota toka pwani, na zaidi ule wa mustikeri, unabeba wote wakingali watoto. Sangala mwenye angepimwa kwa kilo anauzwa akiwa urefu wa kidole. Ukimwanika, hakuna kitu.

Ndugu wa Kivu, hii inawahusu pia. Sambaza yenu ni lumbu huyu huyu, aliletwa toka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Watoto wake wako pwani vilevile.

Na sisi wakulima tusiseme ni shida ya wavuvi tu. Mvua ikinyesha, udongo wa mashamba ya milimani unashuka ziwani, unafunika mawe na mchanga kwenye samaki wanataga. Mitaro ya kukata mteremko na majani ya kushika udongo vinalinda shamba na ziwa pamoja.

Tunapendekeza hivi: mbele ya kununua, wanunuzi wa koperative wachambue beseni na kuangalia mapezi. Ikiwa imejaa watoto wa sangala, tusinunue. Na tuongee na wavuvi wetu kwa upole, sababu nao wanatafuta chakula ya watoto. Kisha majani ya pwani tusiyang’oe: ndiyo nyumba ya samaki wa kesho.